Mama ameacha dawa za kisukari, na kaka anataka kuzifungia kabatini

Swali

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mtoto wa tatu katika familia ya watoto watano, na ninafanya kazi Dar es Salaam. Mama yetu ana umri wa miaka 72 na anaishi Muheza pamoja na mjukuu wake anayesoma sekondari. Amekuwa na presha kwa zaidi ya miaka kumi, na kisukari kiligunduliwa miaka minne iliyopita. Nguvu zake bado anazo: anahudumia bustani yake, anaswali swala zote kwa wakati, na anasoma maandishi makubwa bila shida, ingawa daktari amesema ana mtoto wa jicho.

Mwezi uliopita jirani alimkuta bustanini ameketi chini, anatetemeka, nguo zimelowa jasho na maneno yake hayaeleweki. Jirani alimpa chai yenye sukari nyingi, na baada ya muda akarudi katika hali yake. Tangu siku hiyo mama aliacha dawa zote za kisukari bila kutuambia. Niligundua nilipokwenda kumtembelea, nikakuta vidonge vimefungwa kwenye kitambaa chini ya godoro. Nilipomuuliza alisema kwamba ile dawa ndogo ilitaka kumuua, ile kubwa nyeupe inamsokota tumbo usiku, na kwamba sasa anakunywa unga wa majani ya mlonge.

Nimekusanya dawa zote zilizokuwamo ndani. Kwa presha kuna losartani, na kuna maboksi mawili yenye majina tofauti kabisa, moja la hospitali na jingine la duka la dawa, lakini maandishi madogo chini ya majina hayo yanasema amlodipini miligramu 10 kwenye yote mawili. Kwa kisukari kuna metformini na glibenklamaidi. Kuna pia aspirini ndogo, furosemaidi aliyouziwa dukani miguu ilipoanza kuvimba, na diklofenaki anayoinunua mwenyewe kwa ajili ya magoti. Ile ndogo, yaani glibenklamaidi, alikuwa akiinywa kwa maji baada ya swala ya alfajiri, kisha anakwenda bustanini na kurudi kunywa chai saa nne. Metformini ina karatasi ya kompyuta iliyoandikwa 8:00 na 20:00, naye alikuwa akiinywa saa nane mchana na saa nane usiku, akiamka kwa ajili hiyo.

Kaka yetu mkubwa anasema huu ni usahaulifu wa uzee na ukaidi. Ameagiza dawa zifungiwe kabatini, funguo akae nazo mjukuu, na mama apewe kidonge mkononi na kusimamiwa mpaka ameze. Mama aliposikia alilia, akasema yeye amelea watoto watano bila kumfungia mtu kabati. Sasa hataki hata kuzizungumzia dawa hizo. Je, kaka yuko sahihi? Tufanye nini ili mama azielewe dawa zake na azitumie?

Binti wa Muheza

Jibu

Marahaba, mwanangu.

Nakushukuru kwa orodha hiyo kamili, kwa sababu imenieleza mambo ambayo ugomvi wa kabati ulikuwa umeyafunika. Nianze na kaka yako ili nimalize naye mapema: msizifungie. Kabati lenye kufuli linaweza kumfaa mzee ambaye kumbukumbu imeharibika kiasi cha kurudia dawa aliyokwisha kuinywa, na hata huyo ni lazima kwanza daktari amchunguze na kuthibitisha tatizo hilo. Mama yenu hajasahau chochote. Alipatwa na jambo la kutisha, akatafuta chanzo chake, akachukua hatua, na kwa kiasi kikubwa alikuwa na sababu. Mtu anayeamka saa nane usiku kumeza kidonge kwa sababu karatasi imemwambia hivyo hawezi kuitwa mkaidi.

Twende kwenye hiyo dawa ndogo. Glibenklamaidi hulisukuma kongosho litoe zaidi insulini, yaani kichocheo kinachoshusha sukari mwilini, na kazi hiyo huifanya hata kama tumboni hamna chakula. Ndiyo maana hunywewa pamoja na mlo au muda mfupi tu kabla ya mlo. Mama aliinywa alfajiri, akashika jembe, na chai ikamfikia saa nne, hivyo sukari yake ikashuka huku misuli ikiendelea kuitumia. Kutetemeka, jasho, na maneno yasiyoeleweka ni dalili zinazojulikana za kushuka kwa sukari, na jirani yule aliyempa chai yenye sukari huenda alimwokoa. Kuna jambo jingine ambalo kliniki inapaswa kulitazama: Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaeleza kwamba glibenklamaidi haifai kwa watu waliovuka miaka 60, kwa sababu sukari ya mzee hushuka kwa urahisi zaidi na hali hiyo huweza kurudi hata baada ya kutulia. Zipo dawa nyingine za kundi hilo, gliklazaidi ikiwa mojawapo, zenye hatari ndogo zaidi kwa umri wake. Kwa hiyo mama asiianze tena dawa hiyo mpaka aonwe na daktari wa kliniki ya kisukari, na mtakapofika huko mlieleze tukio la bustanini lote, pamoja na saa ya dawa na saa ya chai, maana daktari ambaye hajaambiwa ataandika dawa zilezile.

Ile kubwa nyeupe ni habari nyingine. Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, na ni dawa nzuri, lakini ikiingia kwenye tumbo tupu husababisha msokoto na kuharisha. Mama aliinywa usiku wa manane kwa sababu aliisoma 8:00 kuwa saa nane, kama sisi sote tunavyohesabu saa, wakati aliyechapa karatasi alikusudia saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Ningependa kila anayetoa dawa katika nchi hii aache kumwandikia mzee saa za kompyuta, na aandike tu “baada ya chai ya asubuhi” na “baada ya chakula cha usiku”. Mkiirudisha metformini kwenye milo, kwa idhini ya kliniki na baada ya kipimo cha figo nitakachokieleza, tumbo lake huenda likatulia.

Sasa nifike kwenye jambo lililonitia wasiwasi kuliko hata kisukari, nalo ni hayo maboksi mawili. Jina kubwa la kwenye boksi ni jina la kibiashara, na kila kiwanda hujichagulia lake. Jina la dawa yenyewe ni lile dogo uliloliona wewe na ambalo mama, kwa mtoto wa jicho alilonalo, hawezi kuliona. Amlodipini ya miligramu 10 ndicho kiwango cha juu kabisa kwa siku, na mama, akidhani anakunywa dawa mbili tofauti, amekuwa akinywa miligramu 20. Dawa hii inajulikana kwa kuvimbisha vifundo vya miguu, na kadiri kipimo kinavyokuwa kikubwa ndivyo uvimbe unavyoongezeka. Huenda basi miguu yake ilivimbishwa na dawa ya presha, akaenda dukani, naye muuzaji, bila kujua anakunywa nini, akampa furosemaidi ya kutoa maji mwilini. Kwa namna hiyo dawa moja huzaa nyingine, na wagonjwa wengi wa umri wake wana mifuko iliyojaa dawa za aina hiyo. Sisemi kwamba nina uhakika, kwa kuwa miguu ya mgonjwa wa presha huvimba pia kwa sababu ya moyo au figo, lakini hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza daktari.

Ukiongeza diklofenaki, mnyororo unakuwa mrefu zaidi. Diklofenaki na dawa za kundi lake, kama ibuprofeni, hupandisha presha na hupunguza damu inayofika kwenye figo. Zikikutana na losartani pamoja na dawa ya kutoa maji, figo la mzee huweza kuzidiwa. Figo likizidiwa, glibenklamaidi haitoki mwilini kwa wakati wake, inakaa na kuendelea kushusha sukari. Kwa maneno mengine, dawa ya magoti inaweza kuwa na mkono katika yaliyotokea bustanini, na hakuna mtu katika familia ambaye angeweza kulijua hilo kwa kuangalia boksi moja moja.

Kwa hiyo, kabla ya kufikiria kumfundisha mama chochote, fanyeni haya wiki hii. Diklofenaki aiache leo, na kwa magoti atumie parasetamoli kwa kipimo cha kawaida pamoja na dawa ya kuchua iliyokubaliwa na mfamasia, kwa kuwa baadhi ya dawa za kuchua zina diklofenaki ndani yake. Amlodipini abaki na boksi moja, lile la hospitali, na jingine liwekwe kando. Losartani aendelee kuinywa kama kawaida, asiiache. Kisha tieni dawa zote kwenye kikapu kimoja, zile za hospitali, za duka, za chini ya godoro na huo unga wa mlonge, mwende navyo kliniki kama vilivyo. Msipeleke majina kwenye karatasi peke yake, kwa sababu macho ya mfamasia yataona kwenye maboksi mambo ambayo wewe hukuyaandika, kama tarehe ya mwisho ya matumizi au kidonge cha kutoa dawa polepole ambacho hakipaswi kuvunjwa. Ombeni apimwe kreatinini ili hali ya figo ijulikane, na ombeni daktari aseme waziwazi kuhusu kila dawa: hii inaendelea, hii inaachwa, hii inabadilishwa. Aspirini nayo ulizieni, kwa maana kwa mtu aliyepita miaka 70 ambaye hajawahi kupata kiharusi wala ugonjwa wa moyo, hatari ya kutoka damu tumboni inaweza kuzidi faida, ingawa kwa aliyewahi kuugua hivyo ni dawa ambayo hapaswi kuiacha kwa uamuzi wake. Hospitali nyingi za umma zina dirisha la wazee. Litumieni, na msione haya kumwomba mhudumu arudie maelezo.

Nina neno moja kuhusu duka la dawa. Maduka ya dawa muhimu, ambayo mpango wake ulianzia Ruvuma mwaka 2003, yamewasogezea huduma watu wengi wa vijijini, nami siwezi kuwaambia msiyatumie. Lakini yamekusudiwa kuhudumia maradhi ya kawaida, na anayeuza hana kadi ya kliniki ya mama mbele yake. Mama akienda huko aende na kadi yake, na kabla ya kulipia chochote aseme maneno haya: “Nina presha na kisukari, na dawa ninazokunywa ni hizi.”

Orodha ikishasafishwa, ndipo mazungumzo na mama yaanze, nayo nakuomba uyaanze wewe na si kaka yako. Kwanza mwambie kwamba alikuwa na haki ya kuiogopa ile dawa ndogo. Mzee aliyeambiwa kuwa ni mkaidi hatasikiliza somo lolote litakalofuata, na mama yenu amekwisha kuonyesha hivyo kwa kukataa kuzungumza. Kisha mwache yeye aeleze. Mwekee dawa mezani, chukua moja, muulize anaijua kuwa ni ya nini, anainywa saa ngapi na inamfanyaje. Usimkatize hata akikosea, kwa sababu katika maelezo yake utapata sababu halisi. Wapo wazee wanaoruka dawa ya kutoa maji siku ya safari au ya msiba kwa sababu kwenye basi hakuna choo, wengine hupunguza vidonge ili vifike mwisho wa mwezi, na wengine wameambiwa na jirani kwamba dawa za presha zinaharibu figo, ilhali presha isiyotibiwa na sukari isiyotibiwa ndizo zinazoongoza kwa kuharibu figo. Kila sababu ina jibu lake, na jibu la mzee wa basi halimfai mzee wa pesa. Dawa ya kutoa maji, kwa mfano, mara nyingi inaweza kusogezwa mpaka mtu afike safari yake, iwapo daktari ameridhia.

Unapomweleza wewe, mpe mambo machache kwa siku moja, dawa mbili au tatu tu, kwa maneno yake mwenyewe. Hana haja ya kujua kongosho liko wapi. Anahitaji kujua kwamba presha haina maumivu, kwa hiyo siku anayojisikia vizuri ni siku ambayo dawa inafanya kazi, wala si ishara kwamba amepona. Ukimaliza usimuulize “umeelewa?”, kwa maana mama yeyote mwenye heshima zake atajibu ndiyo. Mwambie hivi: “Mama, mjukuu wako akikuuliza hii ni ya nini na utainywa lini, utamjibuje?” Akijibu vibaya, ujue maelezo yako hayakutosha, uyaeleze upya kwa namna nyingine. Njia hii inatumiwa na wauguzi na wafamasia katika nchi nyingi, na ni ya kuaminika kuliko karatasi yoyote. Mwombeni mfamasia wa hospitali aifanye vilevile dirishani, hata kama foleni ni ndefu.

Usimzoeze kuzitambua dawa kwa rangi na ukubwa pekee, kwa sababu hospitali ikibadilisha mtengenezaji, kidonge kilekile huja na sura nyingine, na ndipo mzee huacha dawa akidhani amepewa isiyo yake, au huzinywa zote mbili. Andika kwa kalamu nene, kwa herufi kubwa, juu ya kila boksi: PRESHA, ASUBUHI BAADA YA CHAI. Kwa kuwa siku yake inapimwa kwa swala na milo, zifungeni dawa kwenye milo hiyo kwa ratiba ambayo daktari ameikubali, na kama anataka kwenda bustanini mapema, basi chai isogezwe mbele ya jembe, hata iwe kikombe na kipande cha muhogo. Alama kama “1x2” kwenye bahasha mweleze kuwa ni kidonge kimoja, kutwa mara mbili, wala si viwili kwa pamoja. Dawa zikae mahali pakavu pasipopata joto, mbali na jiko. Akisahau dozi moja na wakati wa inayofuata umekaribia, aiache hiyo iliyopita, asinywe mbili kwa mpigo.

Mjukuu ana kazi nzuri kuliko kushika funguo. Yeye awe macho ya bibi yake: asome maandishi madogo dawa mpya inapoingia nyumbani, alinganishe na orodha iliyobandikwa ukutani, na apige simu kwako kabla haijatumiwa. Ajue pia dalili za sukari kushuka, na ajue la kufanya: vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari, kusubiri dakika 15, kurudia kama hajapata nafuu, kisha chakula. Mama akiwa hajitambui asitiwe kitu chochote mdomoni, apelekwe hospitali mara moja. Na ikiwa sukari imeshuka wakati anatumia glibenklamaidi au dawa ya jamii yake, apelekwe hata kama amepata nafuu, kwa sababu inaweza kushuka tena baada ya saa nyingi.

Kuhusu mlonge, sitamgombeza. Ni mboga ambayo watu wengi wanaila, na mama akiupika kama mboga sina neno. Unga wake ukinywewa kama dawa pamoja na dawa za kisukari unaweza kuongeza kushuka kwa sukari, na ukinywewa badala ya dawa hizo hautoshi kuidhibiti. La muhimu ni kwamba auseme kliniki bila kuogopa kukaripiwa, na hilo litategemea jinsi mtakavyoupokea nyumbani kwanza.

Kaka yako mpe kazi inayolingana na wasiwasi wake: anunue mashine ya kupimia presha ya kufunga mkononi na kipima sukari chenye vijiti vya kutosha, na agharimie uchunguzi wa macho ili upasuaji wa mtoto wa jicho ujadiliwe. Mama akiona mwenyewe namba zikishuka kuelekea pale daktari alipopataka, atakuwa na sababu yake ya kunywa dawa.

Limebaki jambo moja ambalo hukuliuliza. Kwa kuwa mama anashika ibada zake, Ramadhani itakuja naye atataka kufunga, na akijua kwamba mtamkataza atafunga kimya kimya na kuzipanga dawa kwa akili yake. Mpelekeni kliniki wiki sita mpaka nane kabla ya mwezi huo, yeye mwenyewe amweleze daktari nia yake, wapime hali ya figo na sukari, na kama itaonekana kufunga ni hatari kwake, basi alisikie hilo kutoka kwa daktari, na mkipata sheikh anayemheshimu, awepo katika mazungumzo yatakayofuata nyumbani.